Bakuli Lililoitwa la China

Ukipita mtaa wa Gerezani mchana, kwenye zile gereji zilizobanana, utakutana na harufu ya oili chafu inayoungua. Watu huziba pua. Mimi husimama. Nikiivuta narudi uani kwetu Kariakoo, nina miaka tisa, sare yangu ya shule imeanikwa na imeshaingia masizi, na mama yangu amechuchumaa mbele ya tanuri lake, uso umemwiva kwa moto.

Tanuri hilo alilijenga mwenyewe kwa matofali ya kuchoma, kwenye kona ya ua, karibu na choo. Lilikunywa oili chafu iliyodondoka tone kwa tone kutoka kwenye debe, huku feni kuukuu ikiupuliza moto mpaka unanguruma. Majirani walilalamika, kisha wakazoea, kama watu wanavyomzoea jirani mwenye jogoo.

Mama alizaliwa Newala, ambako bibi alikuwa akifinyanga vyungu vya kupikia. Lakini Mama hakutaka vyungu. Alitaka vyombo vinavyong'aa. Alitwanga chupa za soda kwenye kinu kilichokatazwa kabisa kuonana na kisamvu, akauchekecha unga wake kwa kipande cha mtandio, akauchanganya na majivu, udongo mweupe wa Pugu na maji. Kwa rangi, alichoma nyaya kuukuu za umeme na kukwangua magamba ya shaba. Chombo kilichokwisha kuchomwa mara moja alikitumbukiza humo, akakirudisha motoni, nacho kikatoka na ngozi ya kioo, kijani kama jani changa la mgomba. Tanuri likiwa linapoa hakuruhusu mtu aondoe hata tofali moja.

"Msilichungulie," alikuwa akituambia, "litaona haya."

Hakuuza. Alitengeneza vikombe, sahani na mabakuli yenye vifuniko, akagawa. Ukimuuliza kwa nini anajichosha, alicheka tu, akakupa kikombe upitishe mdomo ukingoni.

Baba naye alikuwa mtu wa vyombo, ila vya China, jumla na rejareja, kwenye duka lake jirani na Msimbazi. Kazi ya Mama aliiita "mchezo wa matope". Hakuisema kwa ukali. Aliisema akicheka mbele ya wageni, na wageni nao wakacheka, wakinywa chai kwenye vikombe vya dukani kwake.

Siku moja ya likizo nilifuatana na Mama kumpelekea Baba chakula. Wali na pweza wa nazi ulikuwa kwenye bakuli jipya, zuri kuliko yote aliyowahi kuyatoa motoni. Kijani chake kilikuwa kimetiririka ubavuni na kuganda chini kama asali. Kabla hatujaingia alilifuta kwa pindo la khanga.

Dukani tulimkuta Mama Bhavna wa Upanga, mteja mkubwa wa Baba, akichagua vyombo vya harusi ya binti yake. Mama alipoliweka bakuli kaunta, yule mama aliacha sahani alizokuwa akizitazama. Akapitisha kidole taratibu ubavuni mwa bakuli.

"Hii nzuri sana. Mimi nataka seti nzima. Imetoka wapi?"

Nilimtazama Mama. Alikuwa ameanza kutabasamu.

"China hiyo, Mama Bhavna," Baba alisema haraka. "Mzigo wa zamani, ulishaisha. Ngoja nikuonyeshe ulioingia juzi."

Mama Bhavna alisikitika, akamgeukia Mama. "Dada, wewe unajua duka lingine wanauza hii?"

Mama alivuta khanga begani. "Sijui, mama. Mwenye duka ndiye anajua."

Nilifungua mdomo. Mkono wa Mama ukanibana bega mpaka nikaufunga.

Jioni ile nilingoja ugomvi. Haukuja. Mama alipika, Baba akausifia mchuzi. Wiki haikuisha, Baba akaleta habari ya kontena: alihitaji stoo, na nafasi ilikuwa uani tu.

"Lile tanuri lako, Mama Rehema, tulisogeze?"

"Libomoe."

"Lote?"

"Lote. Linatia masizi nguo za mtoto."

Mtoto huyo nilikuwa mimi, na nilifurahi kweli. Vijana walikuja asubuhi wakalibomoa, wakatumia matofali yaleyale kujengea ukuta wa stoo. Mama aliwapikia uji. Tangu hapo akawa anashinda dukani, akifunga sahani za China kwenye magazeti, upesi, bila kuvunja hata moja. "Siku hizi mke wangu amepata akili ya biashara," Baba alijigamba. Nami nikaamini kwamba Mama alichoka na udongo, kama mimi nilivyochoka na mchezo wa rede.

Nilikuwa nimeshaolewa nilipomuuliza. Tulikuwa tunachagua mchele.

"Mama, kwa nini hukumwambia yule mama kwamba ni kazi yako?"

Hakuniuliza mama yupi. "Baba yako alikuwa ameshasema China. Ningefungua mdomo, angeonekana mwongo mbele ya mteja wake, na mbele ya vijana wake wa dukani."

"Na wewe je?"

"Mimi sikuwa na mteja," alisema, akapuliza makapi.

Mama amefariki. Baba bado yupo, mzee, na hajatambua kwamba mchana ule kuna mtu alilinda jina lake kwa kuikana mikono yake mwenyewe. Mara nyingi nimekaribia kumwambia. Kinachonizuia si huruma. Naogopa atatabasamu na kusema, "Nilijua mama yako alikuwa mke mwema."