Picha ya Basi

Harufu ya zulia jipya hunirudisha kwenye ukumbi wa maonyesho hapa Dubai, tulikopelekwa na shule. Ukutani palikuwa na picha kubwa ya Wamarekani weusi ndani ya basi, wamelazimishwa kukaa nyuma. Darasa zima liligeuka kunitazama, maana mweusi nilikuwa peke yangu.

Mwalimu wetu, mama wa Kihindi, akaja kusimama kando yangu.

“Babu yangu naye alikatazwa kuchota maji kisimani, kwa sababu ya ukoo wake,” aliwaambia wote.

Macho yakahamia kwake. Akasimulia jinsi wale watu walivyogoma kupanda mabasi, wakatembea kwa miguu mpaka sheria ikabadilishwa. Nikashusha pumzi.

Nyumbani mama aliuliza, “Haya, mmeona nini huko?”

“Walishinda, mama,” nilimjibu, nikaomba wali tena.