Barafu ya Samaki Wazima

Wiki hii, umeme ukiwa umekatika siku tatu, nilipanga foleni kwa mama mmoja hapa Bukavu mwenye jenereta, anayeuza barafu. Mbele yangu alisimama muzee mmoja, mwalimu wa chuo kikuu.

"Maman, unipatie chupa mbili za barafu. Ni ya samaki."

"Samaki imeanza kuoza?"

"Hapana, iko muzima. Inasikia joto."

Foleni nzima ikacheka. Muzee akaeleza kwa mikono: nyumbani ana samaki wa baharini, ndani ya sanduku la kioo, na bila umeme mashine ya kupoza maji imezimika. Barafu ikiyeyukia humo, chumvi inapungua. Kwa hiyo anaweka chupa iliyofungwa ielee, na mke wake anapepea maji kwa kipande cha katoni.

"Papa, watu banakufa na vita, wewe unapepea samaki?" akauliza mama aliyekuwa nyuma yangu.

Muzee hakukasirika. "Tuko na watoto bane," akaonyesha vidole vinne, "walikimbia vita ya Minova, tukabapokea. Mudogo wao hajasema kitu tangu afike. Anatazama ile samaki tu, asubuhi mpaka magaribi."

Yule mama akaacha nafasi yake, akambebea chupa moja mpaka barabarani.

Udadisi ulinishinda, nikamfuata muzee hadi nyumbani kwake, mtaa wa Nyalukemba. Samaki wawili wa manjano walikuwa wakihema juu ya maji. Chupa zikaelea, na baada ya muda wakashuka, wakaanza kuogelea. Nikanyoosha kidole nionje ile chumvi.

"Tonton, usiguse!"

Alikuwa yule mtoto mdogo wa Minova, akiniita mjomba. Muzee na mke wake wakatazamana, wakaogopa hata kukohoa. Nimekemewa na wakubwa wengi mjini humu, lakini sijawahi kukemewa nikafurahi namna hiyo.