Sauti ya Bibi Ndani ya Mashine ya Gololi

Mashine ya gololi ilitoka Manyoni kwa lori, ikamalizia safari juu ya mkokoteni wa punda hadi dukani kwa mjomba, hapa Unyambwa, miguu ikiangalia juu kama mbuzi wa sikukuu. Mwenye baa moja kule alikuwa anavunja jengo lake akatafuta mtu wa kumpa. Mjomba ni fundi redio na simu, na hajawahi kukataa kitu chenye waya.

Ni meza ndefu iliyoinama kidogo, juu ina kioo. Unavuta mpini wa springi, gololi ya chuma inaruka, inagongagonga taa na kengele, halafu inakurudia. Hapo unabonyeza vitufe vya pembeni ili mabawa mawili ya plastiki yaipige irudi juu. Ikipenya katikati ya mabawa, basi, imekwenda.

Yetu haikufanya lolote kati ya hayo. Kichwani mwake kulikuwa na bodi kubwa ya zamani, na betri zilizosahauliwa juu yake zilikuwa zimevuja mpaka njia za shaba zikawa kijani. Mjomba aliigusa kwa bisibisi, kipande kikamegeka.

"Imeoza kama muhogo," alisema. "Tutaing'oa. Tutaweka kompyuta."

Kompyuta yenyewe ni kipande kimoja cha bodi kinachoenea kiganjani. Mimi ndiye niliyepewa kuiandikia maagizo. Darasa la saba ndiyo shule yangu, na naandika kwa kidole kimoja, lakini kompyuta haina haraka wala haikucheki. Nilitazama video kwenye simu, nikanakili, nikakosea, nikarudia. Mjomba alichomea waya kwa risasi, akaweka rilei, yaani swichi zinazowashwa na umeme mdogo, katikati, maana umeme wa kompyuta ni mdogo na mabawa yanataka umeme wa nguvu. Mara ya kwanza bawa la kushoto lilinyanyuka likagoma kushuka, likaanza kutoa moshi. Mjomba akalipepea kwa kofia akiniambia niandike na agizo la kushuka. Kwa kweli nilikuwa nimelisahau.

Haraka ilikuwa ya mjomba. Alikuwa amepeleka posa Ulemo, na baba wa binti, mkulima wa alizeti na vitunguu, alimjibu kwa maneno machache. "Nasikia una mashine imekufa hapo dukani, watu wanaweka vikombe juu yake. Nitakuja baada ya mavuno ya vitunguu. Nikiikuta inafanya kazi, tutaongea. Fundi asiyemaliza cha kwake atamaliza cha watu?"

Kwa hiyo mashine ikifufuka, mjomba anaoa. Isipofufuka, haoi.

Taa ziliwaka, mabawa yalipiga, namba zilihesabika. Kilichobaki ni sauti, maana zile za zamani zilikufa pamoja na bodi. Mjomba aliniambia nirekodi maneno yangu. Mimi naona haya hata kuagiza chai. Nikachukua simu nikaenda kwa bibi, mama yake mjomba, aliyekuwa uani anapepeta alizeti.

"Bibi, nisemee maneno kidogo. Ni ya ile mashine."

"Watacheza akina nani?"

"Vijana wa hapa tu."

"Basi ni wajukuu zangu. Shika vizuri hicho kisimu chako."

Mnajua bibi na wajukuu walivyo. Ana ruhusa ya kututania apendavyo, na kila mvulana anamwita mume wake. Wewe ukikosea kitu ni mume mbovu, ukipatia ndiye mume wa kweli. Nikamweleza nataka neno la kumkaribisha mchezaji, neno la gololi ikipotea, neno la mtu akisukuma mashine ili aibe alama, na neno la mtu akipata alama nyingi. Aliyatoa yote bila kusimamisha ungo.

Vijana walijaa. Wengine walipoteza gololi makusudi ili watukanwe. Mjomba alicheka hadi akakaa chini, akasema siku baba mkwe akija atamwonyesha tu taa. Mtu mzima hatacheza.

Baba mkwe alikuja kabla ya mavuno. Alikuwa amefuata mifuko ya kutilia vitunguu mjini, akaona apite. Tulishtukia kofia yake mlangoni.

"Shikamoo baba," mjomba akasema, na mimi nyuma yake kwa sauti ya mbu.

"Marahaba. Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii, baba. Taa zake hizo, unaziona."

"Taa hata tochi inazo," akasema mzee, akavuta mpini.

"Haya, njoo nikuone," ikasema mashine kwa sauti ya bibi.

Mzee alitikisa kichwa, akaona ni adabu. Gololi ikaruka, ikagonga kengele, ikashuka moja kwa moja katikati ya mabawa.

"Huyu naye! Mikono kama miguu ya kuku."

Mjomba alipata kazi ya ghafla ya kupanga betri kwenye kabati. Mzee akatazama mikono yake, pande zote mbili.

"Nani kasema?"

"Ni mashine, baba," mjomba akasema kabatini. "Inasema ovyo. Ni mpya."

"Inasema kama mwanamke." Akavuta mpini tena. "Nitaionyesha kuku."

Hapo ndipo jasho liliponitoka, kwa sababu mzee alikuwa na mkono mzuri. Gololi haikushuka tena. Namba zilipanda, na mimi peke yangu nilijua vizuri ni alama ngapi zinaleta neno la mwisho. Nilikuwa karibu na waya wa umeme. Nikiuchomoa, mashine inakufa mbele ya mtu aliyekuja kuona kama iko hai. Nikiuacha, bibi atamwita mkwe wake mume. Kusema neno ndiyo kabisa sikuweza. Nikaigonga mashine kwa nyonga, kidogo tu, ili igome na kumaliza mchezo.

"Usinisukume, unanukia pombe," ikasema mashine, taa zikazima.

Mzee akanigeukia. "Umeisukuma wewe?"

"Nilijikwaa, baba."

"Jikwae kule." Akanionyesha ukuta wa mbali, akaanza upya.

Wakati huo bibi mwenyewe aliingia kwa mlango wa uani, kanga kichwani, macho chini, sinia ya chai na karanga mikononi, kama anavyotakiwa mbele ya mkwe. "Karibu, mkwe," alisema taratibu.

Mzee alisikia sauti ile. Kichwa kikageuka kwa bibi, mikono ikabaki kwenye vitufe inapiga yenyewe, na gololi ikagonga kengele ya juu kabisa.

"Huyu sasa ndiye mume wangu! Atakaa hapahapa, hatoki."

Betri zilimwagika kabatini. Bibi aliniangalia mimi, si mtu mwingine, na nilijua nitapepeta alizeti mpaka mvua. Mzee aliishusha mikono yake polepole, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Kijana," alimwambia mjomba, "kama mimi ni mume wa mama yako, wewe ni mwanangu. Binti yangu ni dada yako. Mtu haoi dada yake. Posa imekufa."

Uso wake ulikuwa mkavu kabisa. Mjomba alitoka kabatini na betri mkononi.

Bibi aliweka sinia juu ya kioo, akarudisha kanga mabegani.

"Basi nimekuacha," alisema. "Leo hii, na mashahidi hawa wawili. Kunywa chai yako, urudi kwenu, watoto waoane."

Mzee alichukua kikombe. Kisha mabega yakaanza kutikisika, akacheka hadi akavua kofia. "Nimeoa na nimeachwa kabla ya chai kupoa," akasema. Akakubali tuongee mambo ya posa baada ya mavuno kama alivyosema, ila kwa sharti moja. Akanyoosha kidole ukutani nilipokuwa. "Aliyeyaingiza maneno haya ayatoe, aweke yake. Nikirudi inipe shikamoo."

Nilijifungia stoo na simu, nikarekodi mpaka sauti ikaacha kutetemeka. Mavuno yalipokwisha mzee akarudi na ndugu zake, na kabla ya kukaa akaenda kwenye mashine.

"Shikamoo baba," ilisema kwa sauti yangu.

"Marahaba."

Gololi ikapotea. "Pole, baba."

Akasimama pale kidogo, akasubiri. Halafu akainamisha kichwa kuelekea mlango wa uani.

"Mtalaka wangu," akaita, "njoo uniambie mikono yangu ikoje."