Nyimbo Zilizokwama Kwenye Kioo

Mpaka leo sijaelewa mtu anayeandika maelezo ya programu za kompyuta anamwandikia nani. Si mimi, maana siku hizo nilikuwa kidato cha tatu na Kiingereza changu kilikuwa kinawatisha hata walimu. Si shangazi, ambaye ndiye mwenye kompyuta. Nadhani anamwandikia mama yake, ili mama ajue mwanawe ana kazi.

Shangazi alikuwa na kibanda cha uchapaji karibu na stendi ya Bariadi. Kabla ya hapo alikuwa karani wa mizani. Soko la pamba lilipofunguliwa, kampuni za watu binafsi zikaja kugombania wakulima, naye akaipimia pamba mojawapo kwa misimu kadhaa, hadi ikafungasha na kuondoka bila kuaga. Ndipo akanunua kompyuta iliyotumika, ambayo ilikuja na vumbi la nchi nyingine ndani yake. Likizo mimi ndiye niliyekuwa mchapaji wake, kwa sababu vidole vyangu vina kasi na, kwa maneno yake, bora vishike kazi kuliko kushika vya watu.

Wiki moja ya likizo kompyuta iliingiwa na virusi. Fundi akaja, akafuta virusi, akafuta na kila kitu kingine. Akatuachia diski moja, akasema programu zote zimo humo, tuchague wenyewe, kisha akapanda basi la Mwanza. Mshangao wangu ulianzia hapo na haukupumzika siku nzima.

Tulitaka programu ya kuandikia, basi. Kwenye diski zilikuwa nne, zote jina moja, zimetofautiana kwa kineno kidogo mkiani. Nikafungua maelezo ya programu ya kwanza nimtafsirie shangazi: hii ni programu ya kuandikia kwa wale wanaohitaji programu ya kuandikia. Ya pili: ina kila unachohitaji. Ya tatu: ina kila unachohitaji na zaidi. Hapo nikakwama. Ukishakuwa na kila unachohitaji, hiyo zaidi unaiweka wapi? Ya nne ilisema ni ileile, ila imerahisishwa kwa ajili yako. Yangu mimi? Walinijulia wapi?

Shangazi akadhani ni utani wangu wa kila siku, maana nina historia. Akaniambia nisome vizuri. Nikasoma tena neno kwa neno, naye akanitazama kama mtu aliyeuliza bei ya mchele akajibiwa kwamba mchele ni mchele.

Tukiwa bado tunabishana, akaingia manju.

Manju ndiye anayetunga nyimbo na kuongoza kundi la ngoma. Na ngoma kwetu ni mashindano: makundi mawili yanacheza uwanja mmoja, watu wanahamia kwa anayewakosha. Huyu alitoka Zagayu, na nilimjua kwa sauti kabla sijaijua sura yake. Hata ukiwa nyuma kabisa ya umati, unaona matako ya watu tu, ulikuwa unamsikia kama amesimama sikioni mwako.

"Mwangaluka," akasalimia kwa Kisukuma.

Niligeuka kuangalia nani mwingine kaingia. Sauti ile ilikuwa ya gunia linaloburutwa kwenye saruji.

Alieleza kwa kifupi, kwani kila neno lilikuwa linamuuma. Kooni kuna uvimbe. Kesho anaenda Mwanza kupasuliwa, na daktari amemwambia asiitegemee sauti kurudi. Ana nyimbo mpya za msimu huu ambazo hajamfundisha mtu yeyote, zimo kichwani mwake tu, na yeye hakusoma. Vijana wa kundi wanasoma. Anataka zichapwe awakabidhi kabla hajapanda basi. Shangazi akamuuliza kwa nini asirekodi kwenye kaseti. Akatikisa kichwa. Hakutaka watu wabaki na sauti hii.

Shangazi akanigeuzia kiti kuelekea kwenye kompyuta.

"Weka programu moja hapo," akaniambia. "Mzee asisubiri."

"Ipi sasa?"

"Nyepesi ni ipi?"

Nikamwambia ni ile ya nne, iliyorahisishwa. Ya tatu ni kubwa kuizidi mbali kabisa. Mimi nilikuwa naitaka ya tatu, kwa uroho wa ile zaidi. Shangazi akakataa. Mizanini alikuwa amejifunza kwamba mzigo ukiwa mzito kuliko wenzake, unaingiza mkono ndani kwanza. Watu walinyunyizia pamba maji, wengine walitia mchanga, na mmoja, shangazi anaapa, alitia jiwe la kusagia la mama mkwe wake.

"Hiyo kubwa imelowekwa," akasema. "Weka nyepesi."

Manju, ambaye naye analima pamba, aliafiki kwa kichwa haraka mno. Nikashuku kwamba habari za mchanga anazijua kutoka upande wa pili wa mizani.

Nikaweka nyepesi. Ikafunguka vizuri, ukurasa mweupe, safi. Manju akavuta kigoda karibu yangu akaanza kunitajia Kisukuma sikioni, mimi nachapa. Ulikuwepo wimbo wa kumsifu ng'ombe dume ambaye nilitamani anioe. Ulikuwepo wa kampuni iliyobeba pamba ya watu ikapotelea barabarani, na hapo shangazi alianza kuchunguza viatu vyake. Kadiri tulivyoendelea, sauti ilizidi kukauka. Wimbo wa mwisho, ule wa kumchamba manju wa kundi pinzani, ulitoka kwa pumzi tupu. Mistari mingine niliisoma midomoni. Alipomaliza alifungua viganja vyote viwili. Hakikubaki kitu, si nyimbo, si sauti.

Nikaenda kuhifadhi. Neno la kuhifadhi lilikuwa limefifia, kijivu, halibonyezeki. La kuchapisha, kijivu. Nikajaribu hata kunakili nipeleke kwingine, kijivu. Nikafungua sehemu ya msaada, ambayo huwa siifungui kwa sababu ya heshima yangu, na huko chini kabisa, kwa herufi za sisimizi, wakaeleza walichokirahisisha. Toleo hili halihifadhi wala halichapishi. Anayetaka kuhifadhi atumie toleo jingine.

Yaani mtu ameketi akatengeneza programu ya kuandikia, akaondoa uwezo wa kubaki na ulichoandika, kisha akasema amenifanyia mimi.

Nikajaribu kuweka lile kubwa. Likajibu kwamba sharti nyepesi iondolewe kwanza. Kuiondoa ni kufuta na nyimbo zilizomo. Nikamweleza shangazi polepole, kwa adabu ambayo sijawahi kumpa maishani.

"Kwa hiyo tumemwandikia mzee wa watu kwenye maji," akasema.

Kisha taa ya kibandani ikapepesa. Umeme wa Bariadi siku hizo ulikuwa unakuja kama mgeni ambaye hajafungua begi. Shangazi akachana bunda la karatasi, akanirushia kalamu, na tukaanza kazi ambayo sikuwahi kuifikiria: kuinakili kompyuta kwa mkono. Yeye aliandika beti za nusu ya juu ya kioo, mimi za chini, halafu tunashusha ukurasa, tunaanza tena.

Manju akanivuta mkono kuuliza. Ilibidi nimwambie mimi, kwamba nyimbo zipo ila hazitoki, na umeme ukikatika zinakufa. Akaufuata waya wa mashine kwa macho hadi ukutani. Halafu akabeba kigoda chake, akakaa mbele ya soketi, magoti yakiwa huku na huku ya waya, akaishika plagi kwa mkono ili mtu yeyote asije akajikwaa kwenye waya. Sijawahi kuona plagi ikilindwa namna ile. Mteja mmoja alichungulia mlangoni akatazamwa mpaka akaondoka.

Tulifika wimbo wa mwisho. Nilikuwa nimeandika ubeti wake wa kwanza.

Umeme ukakatika mji mzima. Feni ya kompyuta ikahema, ikanyamaza, na kwenye kioo cheusi nikajiona nimeachama. Manju alikuwa bado ameshika plagi. Akaiangalia, akaniangalia, na nikaona anataka kujua kama ni yeye aliyekosea. Nikamwambia si yeye, ni nchi nzima.

Shangazi akamsihi aurudie ule mmoja tu. Akafungua mdomo, ikatoka hewa. Akajaribu tena. Kisha akanyoosha kidole, akakigusisha kwenye mdomo wangu mimi.

Nikaanza kuyasema maneno. Akatikisa kichwa. Alitaka niimbe. Mimi, ambaye kwaya ya kanisani iliniomba nishughulike na mabenchi. Nikaimba. Akawa anagonga meza kwa mapigo ya ngoma. Nikipotea, mkono unasimama, narudi nyuma, mkono unaendelea. Nilishtuka kwamba maneno yalikuwemo. Yalipita vidoleni, sikujua kama yalikuwa yakilala kichwani. Shangazi anaandika. Vijana wa baiskeli za kukodi pale stendi wakasimama mlangoni, na kiitikio wakakidaka.

Mstari mmoja ukagoma. Ni pale anaposema yule mpinzani wake anachezaje. Nikajaribu mbuzi, mkono ukakataa. Nikajaribu fisi, ukakataa. Nilipoishiwa nikaweka wa kwangu: anacheza kama mtu aliyekalia siafu akaona haya kusimama.

Mabega ya manju yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikataka kuomba radhi, kumbe anacheka, kicheko kisicho na sauti hata kidogo, machozi yanamshuka.

"Ndio wenyewe?" shangazi akamuuliza.

Akatikisa kichwa, sio. Kisha akagonga karatasi kwa kidole, palepale, shangazi auandike huohuo. Akanigeukia, akaweka mkono mezani, akanipa mapigo ya mwanzo wa wimbo, nianze upya, na mlangoni vijana wakasogea ndani.