Motere Iliyozoea Ziwa

Shule ilinishinda darasa la tano. Nasema mapema ili wasomi wasipoteze muda kuhesabu makosa yangu. Yako mengi, wachukue, ni ya bure. Lakini shuka mpaka ukingo wa ziwa, pita pale wamama wanaanika ndakala, dagaa wa kwetu, uliza nani fundi wa motere hapa Kalemie. Hata mbuzi watakuonyesha garaji yangu. Boti zinazovuka kwenda Kigoma, nusu zinasukumwa na kazi ya mikono hii. Nusu ingine njo zile unaziona zikivutwa na kamba.

Siku moja papa mumoja akaingia, muchuuzi mukubwa wa ndakala, muntu ambaye tumbo lake linafika kwanza. Akanionyesha picha ndani ya simu: gari ya mbio ya zamani ya Wazungu, nyekundu, haina paa, viti viwili, pua ndefu kama ya muntu wa ushuru pale duane akisikia harufu ya mizigo.

“Fundi, binti yangu anaolewa. Nataka apande kanisani ndani ya hii.”

“Papa, kuinunua hii utauza ziwa pamoja na samaki.”

“Nani amesema kununua? Nimesema tuifanye.”

Basi tukaifanya. Umbo lilitoka kwa jirani yangu anayejenga boti za faiba. Alilichonga vizuri, ila kwa nyuma mukono wake ulirudilia mazoea. Ukilitazama sana unaanza kutafuta mahali pa kufunga nanga. Lakini umbo ni nguo tu. Gari ni motere. Kuna mafundi wanaiga magari haya, wanamwaga rangi nzuri juu, ndani wanaficha motere iliyochoka ya taksi. Ukifungua unakuta bibi kizee amevalishwa gauni ya arusi.

Mimi hapana. Nilichukua motere ya silinda nne, nikaifungua mpaka mifupa. Silinda zilitobolewa upya. Soupape, zile valvu, nilizisugua kwa mukono mpaka zikafunga kama mudomo wa bakhili. Pistoni nilizipima kwa mizani ya muntu anayenunua dhahabu, nikakwangua zile nzito kidogo kidogo mpaka zote nne zikawa mapacha. Nani mwingine amefanya hivyo katika muji huu? Nangojea jibu.

Nikaifunga juu ya mbao pale pale ukingoni, nikachomeka tuyo ya mupira inayoleta maji ya ziwa na ingine ya kuyarudisha, namna ninavyojaribu motere zote. Siku tatu ilizunguka. Mushale wa joto haukusogea. Nikaweka glasi ya chai juu ya kifuniko chake, chai haikutetemeka. Nilikunywa ile chai mbele ya watu.

Ng'ambo ya barabara iko garaji ya muzee mumoja aliyestaafu kazi ya reli. Yeye pia anajenga motere. Ni muntu wa Kabalo, na anaongea kama treni: polepole, na hakuna njia ya kumupita. Alivuka akasikiliza, mikono nyuma.

“Inaimba vizuri, kijana.”

Niko na miaka arobaini na nane na wajukuu wawili, bado ananiita kijana.

“Haiimbi, Muzee. Inasali.”

“Na ndani ya gari itakunywa nini?”

“Si radiatere ya kupoza maji iko pale?”

Akaitazama. Kweli ilikuwa ndogo. Niliichagua kwa sababu ilienea ndani ya pua ya gari. “Hii? Hii ni sahani ya sadaka.”

Watu wakacheka, na mimi nikichekwa mudomo wangu hautafuti ruhusa. “Muzee, gari hii ikisukumwa hata hatua moja kabla ya mulango wa kanisa, nitaandika juu ya geti yangu kwamba wewe njo mwalimu wangu. Isiposukumwa, unaandika wewe.”

“Rangi gani?”

“Chagua.”

“Nyeupe. Herufi kubwa. Macho yangu yamezeeka.”

Kabla ya jua kuzama mutaa wote ulikuwa unajua. Jina nililojenga miaka ishirini nilikuwa nimelipakia ndani ya gari ya watu wawili.

Sasa, kwetu gari ya bibi-arusi haitembei, inacheza. Fanfare ya matarumbeta mbele, nyuma yake mashangazi wa bibi-arusi, hatua mbili mbele, moja nyuma, kisha gari. Mimi niko kwenye usukani ndani ya koti jipya, binti kando yangu. Chini kwenye tambarare nilipunga mukono kama gavana. Tukaanza kilima cha kanisa, na mushale wa joto ukaanza kupanda haraka kuliko sisi.

“Wamama, songeni mbele kidogo!”

“Fundi, unatufukuza?” shangazi mukubwa akageuka bila kuacha kucheza. “Mutoto tumemulea miaka ishirini na mitatu, wewe unataka kumutoa kwa dakika mbili?”

Wakaongeza mitindo. Katikati ya kilima mvuke ukatoka puani mwa gari.

“Papa fundi,” binti akaniuliza, “huu moshi ni sehemu ya sherehe?”

“Ndiyo, mutoto wangu. Wazungu njo wanafanya hivi.”

Nikasimama. Hapo hapo upumbavu wangu ukanijia wote kwa mara moja. Miaka ishirini natengeneza motere za boti. Kwangu maji ni kitu kisichoisha. Siku tatu nilikuwa nimeipoza motere ile kwa maji ya Tanganyika nzima! Ungefunga tuyo zile hata kwenye jiko la makaa, lingeonekana motere bora. Sikupima motere. Nilipima ziwa, na ziwa lilikuwa zima.

Mukono wangu ukaenda kwenye funguo.

“Usizime!”

Alikuwa muzee wa reli, kando ya barabara, ndani ya koti la Pasaka, na mukononi kopo la rangi nyeupe. Alikuja nalo kabisa! “Ukizima, maji yanasimama ndani na kichwa cha motere kinapinda. Iache ipumue polepole. Fungua kifuniko cha radiatere robo, ngoja, kisha mimina kidogo kidogo.”

Angenyamaza tu, ningezima, na vijana wa fanfare wangenisukuma mpaka altareni.

Nilifunika kifuniko kwa koti langu jipya, nikageuza robo. Ikapiga kelele kama shetani anayefukuzwa. Maji? Wamama walikuwa wanapanda kutoka ziwani na mabeseni kichwani, maana huko juu robine za maji zinakohoa tu.

“Fundi, haya ni maji ya kupikia!”

“Mama, si unaona tunapika!”

Wakacheka, wakamimina. Mashangazi wakabadilisha wimbo palepale, wakaimba gari inywe, inywe. Beseni la kwanza, la pili, mpaka la tano. Ziwa lilipanda kilima juu ya vichwa vya wamama kuja kunitafuta. Na motere, nasema ukweli, haikukosa pigo hata moja. Mushale ukashuka. Tukafika mulangoni mwa kanisa kwa magurudumu yetu.

“Haikusukumwa,” muzee akasema mbele ya wote. “Nitaandika.”

Kesho yake asubuhi nilimukuta juu ya ngazi mbele ya geti yake, burashi mukononi. Nilisimama chini nikitazama viatu vyake.

“Muzee, ile radiatere ya reli, ile kubwa iliyolala nyuma ya garaji yako…”

“Haiwezi kuingia ndani ya pua ile.”

“Nitakata pua.”

Akashuka ngazi moja moja. Sikungoja afike chini. Nilichukua burashi na kopo, nikavuka barabara.

Mpaka leo geti yangu inasema: FUNDI WA MOTERE BORA. Na chini yake: MWALIMU WAKE IKO NG'AMBO. Herufi za juu nilizifanya kubwa zaidi. Muntu akiwa mbali anasoma yangu tu.