Majaketi Niliyoyavisha Sare za Shule

Ilipotangazwa kwamba mtu yeyote asipande pirogi, mtumbwi wetu mrefu, kwenye mto Lualaba bila jaketi la kuokoa maisha, hata wale wa matembezi ya Jumapili, Kindu nzima ilinung'unika. Yananuka jasho la watu, walisema. Yanachafua nguo, yanabana kifua. Mimi nilifurahi, na nadhani nilifurahi peke yangu. Nilikuwa nikishuka mpaka bandarini, mimi fundi cherehani nisiye na safari, kuwafokea vijana waliovua jaketi mara tu pirogi ilipoachana na ukingo ili wapendeze kwenye picha. Askari wa pale alinizoea.

"Maman, weye njo komisere wetu?" alinitania, kana kwamba mimi ni mkuu wake wa polisi.

Nilimwambia kwamba angefanya kazi yake, mimi ningekaa nyumbani nikafanya yangu. Vijana walicheka, mota ikaunguruma, nami nikarudi kwenye cherehani.

Nina mtoto mmoja, binti, na tumeishi wawili tangu ajifunze kutembea. Mwaka huu alichumbiwa na kijana anayefanya kazi Lubutu. Mpango ulikuwa kwamba baada ya kanisa arusi nzima ipande pirogi ya mota, izunguke kidogo mtoni kwa ajili ya picha, kisha ivuke ng'ambo ambako gari la Lubutu lingesubiri. Kwetu mama wa bibi arusi hamsindikizi binti yake kwa mume. Anabaki. Nililijua hilo na nilikuwa nimelilia mapema, ili siku yenyewe nisimwaibishe mbele za wakwe.

Wiki mbili kabla ya arusi aliingia na gunia la majaketi ya rangi ya machungwa waliyokodi, na mkononi kitenge cha sherehe: kijani kilichokolea, kinachokaribia weusi. Alitandaza jaketi moja mezani, juu yake akaweka kitenge.

"Maman, ona. Utashonea kila jile kifuniko, tufanane wote. Kwako iko kazi ya siku mbili. Hii rangi itaharibisha mafoto yote."

"Hapana."

"Sheria inasema tuvae jile. Haisemi tusiifunike."

"Nimesema hapana."

Alidhani natania. Alipoona sitanii, alikasirika, na hasira yake ni yangu mwenyewe, nilimzaa nayo. Aliniuliza ni fundi gani anayekataa kumshonea mtoto wake wa pekee. Nikamjibu kwamba ni huyu anayemwona. Ndipo akasema neno ambalo nadhani alikuwa amelibeba kwa muda mrefu.

"Hautaki niolewe. Unataka tukae hapa sisi wawili mpaka tuzeeke."

Liliniuma kwa sababu kulikuwa na ukweli ndani yake. Nilivuta kiti nikakaa. Kitu ambacho sikuwahi kumwambia nilimwambia hapo, gunia likiwa katikati yetu.

Wakati wa vita alikuwa bado ananyonya. Watu wenye bunduki walikaa kandokando ya mto, na chochote kilichoonekana majini kilipigwa. Mjini tulikuwa na njaa, mihogo ilikuwa ng'ambo. Majaketi yalikuwapo, yametolewa kwenye boti iliyokwama bandarini, lakini nani angethubutu kuvaa rangi ya machungwa mbele ya bunduki? Shule zilikuwa zimefungwa. Mimi nikafumua sketi na suruali za wanafunzi, za bluu iliyoiva, nikayashonea majaketi vifuniko. Nilijiona mwerevu, na watu waliniambia hivyo. Walikuja kwa siri, wakaniachia fungu la sombe, majani ya mihogo, au kikombe cha mafuta ya mawese. Wengi walivuka wakarudi salama kwa sababu ya mikono yangu. Hilo ni kweli, ingawa halinisaidii.

Baba yake alivuka asubuhi moja yenye ukungu. Nilimfunga kamba za jaketi mimi mwenyewe. Nilirudi nyuma hatua chache kumtazama, nikaridhika: hata pale ukingoni alikuwa ameanza kupotea machoni. Katikati ya mto pirogi ilipinduka, ubavu wake ukampiga kifuani. Mvuvi mmoja jirani yetu alisikia makelele, akaingia majini na ndugu yake kutafuta. Jioni mvuvi huyo alikuja kusimama mlangoni kwangu, kofia mkononi.

"Tulimusikia, mama," alisema. "Alikuwa anaita, na sisi tunamuitikia. Kisha akanyamaza. Ukungu ilipoisha hatukuona mutu. Tuliona tu kitu nyeusi inapita, tukazania ni muti."

Siku ya tatu alipatikana mbali, kule mto unakoteremkia, amenaswa kwenye matawi. Jaketi lilikuwa limefungwa vizuri na kichwa chake kilikuwa nje ya maji. Jaketi lilifanya kazi yake yote. Kifuniko nacho kilifanya kazi yake.

Binti yangu alisikiliza bila kugusa kitu. Maisha yake yote nilikuwa nimemwambia kwamba baba yake aliuawa kwa risasi.

"Kwa nini uliniambia ni risasi?"

"Kwa sababu risasi iko na mwenyewe," nilisema. "Hii ingine, mwenyewe ni mimi."

Nilitamani anifokee.

"Tangu utoto ninachukia mutu wa bunduki," alisema mwishowe. "Kila siku nikisali ninamuombea mabaya. Kumbe hakuna mutu."

Alikunja kitenge, akaenda nacho chumbani. Gunia aliliacha. Siku zilizobaki aliongea nami mambo ya chumvi, ya maji, ya wageni watalala wapi. Mimi niliyafua yale majaketi moja moja kwa sabuni, nikayasugua kola, nikayaanika uani, ili yasichafue nguo ya mtu. Alipita katikati yake akienda kuoga.

Siku ya arusi walishuka bandarini wote wakiwa na rangi ya machungwa juu ya nguo nzuri. Wakwe walinong'ona kwamba fundi ameshindwa kazi. Binti yangu aliniinamia, nikambusu kwenye paji la uso, akapanda. Pirogi ilizunguka mtoni, muziki ukilia, na wasichana wawili wakavua majaketi kwa ajili ya picha. Yeye alibaki na lake, kamba zote tatu zimefungwa, juu ya gauni jeupe.

Kisha wakavuka. Askari alisimama karibu nami na safari hii hakunitania. Nilikuwa nimeinua mkono, sikuushusha. Rangi ile inaonekana mbali mno. Nilimwona akishuka ng'ambo, mume akimshika kiwiko, nikamwona akipanda ukingo polepole mpaka barabarani, na niliona vizuri kabisa kwamba hakugeuka.