Nguzo Mbili za Kariobangi

Mwaka wangu wa pili kazini, ofisi yetu ilinunua programu ya kompyuta ya kupigia hesabu za majengo. Mhandisi mkuu hakutaka kuigusa, basi nikakabidhiwa mimi, msichana niliyetoka chuoni juzi. Jengo langu la kwanza lilikuwa ploti ya kupangisha ya ghorofa nne Kariobangi, mali ya mama mmoja mwenye bucha Soko la Burma.

Niligundua kosa ghorofa ya tatu ikijengwa, wapangaji wameshaingia chini. Programu ilikuja kutoka ng'ambo ikiwa imewekewa kanuni za Marekani, na sisi tulifuata za Waingereza. Sikuzibadilisha. Sisi tulipima nguvu ya zege kwa kuvunja kipande cha mchemraba. Wao huvunja kipande cha mviringo, kirefu kama mkebe. Zege lile lile hutoa tarakimu kubwa zaidi kwenye mchemraba. Niliingiza tarakimu yetu, na programu ikaamini zege lina nguvu kuliko lilivyo.

Dada yangu mkubwa alikuwa anaishi ghorofa ya kwanza na mtoto mchanga. Mimi ndiye niliyemtafutia nyumba ile.

Nilirudia hesabu zote kwa kalamu. Nguzo nyingi zilipita. Mbili za katikati, chini kabisa, zilikataa, na nilipozirudia mara ya tatu zilikataa tena.

"Kila kanuni ina akiba ya usalama," mhandisi mkuu aliniambia. "Haitaanguka kwa hilo. Achana nalo."

Pengine alisema kweli. Lakini dada yangu alikuwa akilala juu ya nguzo zile kila usiku.

Nilikwenda Kariobangi. Fundi mkuu alinipokea kwa furaha. "Sasa, injinia! Kesho tunamwaga slabu ya mwisho, sakafu ya ghorofa ya nne."

Nikapanda kwa dada. Alikuwa anakunja nepi. Juu yetu mafundi walikuwa wanaangusha mbao, na kila kishindo kilinifanya nitazame dari.

"Una nini wewe?" akauliza.

"Kichwa tu," nikajibu, nikashuka mbio.

Nilimkuta mama mwenye ploti buchani kwake, nyuma ya mzani, aproni imejaa damu ya mbuzi. Nikamwambia yote. Akalifuta panga taratibu.

"Hiyo nyumba wewe ndiye uliichora?"

"Ndiyo, mama. Kosa ni langu."

"Inaweza kuanguka?"

"Sijui. Na kwa sababu sijui, nimekuja."

Alinitazama mpaka mteja akakohoa. Kisha akamtuma mtu kwa fundi: kesho hakuna kumwaga.

Slabu ile haikumwagwa kamwe. Jengo likaishia ghorofa ya tatu. Tulizishikilia sakafu kwa magogo, tukazizungushia nguzo zile mbili nondo mpya na zege jipya. Nilisimama pale kila siku, nikiangalia kila ndoo. Mhandisi mkuu alitia sahihi michoro mipya bila kunisemesha, na majuma kadhaa hakunipa kazi nyingine.

Dada nilimwambia nguzo zilipokwisha kukauka. Nilimletea karatasi za hesabu, nikamwonyesha kwamba sasa zinapita.

"Siku ile ulikuja hapa ukijua," akasema, "ukaniacha na mtoto ndani."

Nikazikunja zile karatasi. Mwisho wa mwezi alihamia mtaa wa Lucky Summer, kwenye nyumba ya mabati isiyo na ghorofa. Nilimsaidia kubeba godoro. Ilichukua muda kabla hajaniita tena nyumbani kwake.